Kabla hujaingia kuchana, jua vesi ni ya nani

Mabinti wanaotaka kuchana, yaani kurap, huniuliza studio gani nzuri na wanatoza shilingi ngapi. Huwa nawajibu, kisha nawauliza na mimi: hiyo vesi utakayoiacha humo ndani itakuwa ya nani? Wengi hunyamaza. Mimi sikuulizwa na mtu nilipoanza kurekodi mwaka 2006, na leo sehemu kubwa ya sauti yangu imo kwenye nyimbo ambazo hazijawahi kuniletea hata hela ya vocha.

Jambo hili linawapata wasanii wote, ila kwa mwanamke wa rap lina sura yake. Sisi tunaitwa kwenye kolabo kuliko tunavyosimamia wimbo mzima. Jamaa ana ngoma yake, anatafuta sauti ya kike ya kuichangamsha, anakupigia jioni uje uchane vesi ya pili. Unakwenda kwa sababu unataka kusikika. Miaka inapita, jina lako linajulikana, watu wanakariri mistari yako kwenye daladala, na ukikaa chini kuhesabu kazi zako unakuta karibu zote zimeandikishwa kwa majina ya watu wengine.

Nilikulia Temeke, Dar es Salaam, enzi ambazo TMK, kifupi cha Temeke, ilikuwa imeandikwa kila ukuta. Wengi waliokuwa wakichana ni wanaume, lakini tulikuwa na wa kuwatazama: Zay B, Sister P na Rah P walikuwa redioni, na kutoka Nairobi tulimsikia Nazizi. Mwaka 2004 Wakilisha, kundi la Witness, Langa na Shaa, waliposhinda Coca-Cola Pop Stars, mimi na wenzangu shuleni tuliona kabisa kwamba binti anaweza kushika maiki na akaheshimiwa. Nilikuwa na daftari limejaa mistari kabla sijawahi kuiona studio kwa macho.

Hela ya wimbo wa kwanza ilitoka kwa mama. Alikuwa anacheza upatu na wenzake sokoni Tandika, zamu yake ilipofika akanikatia shilingi elfu themanini. Aliniambia, "Mwanangu, hii ni mtaji, si zawadi." Studio ilikuwa chumba kimoja Sinza, ukuta umebandikwa trei za mayai na vipande vya godoro, feni inazimwa kila ukianza kurekodi ili isisikike. Nilitoka humo nimeloa jasho na furaha yangu siwezi kuieleza.

Nitakaa kidogo hapo kwenye maiki, kwa sababu wengi mnapoteza hela ya studio kwa mambo ambayo mngeyafanya nyumbani. Maiki ya studio haitaki kelele. Inachukua pumzi, bangili, karatasi unayoikunja mkononi, hata tumbo likinguruma. Vua vitu vyote vinavyolia. Herufi P na B zinapiga upepo, ndiyo maana zamani tuliivuta soksi ndefu ya kike kwenye waya wa henga tukaiweka mbele ya maiki, na hadi leo njia hiyo inafanya kazi kama hujapata kifaa chenyewe. Simama umbali wa shubiri moja. Hedifoni vaa sikio moja ukiona unapoteza sauti yako halisi. Na mistari iwe kichwani. Ukisoma kwenye simu, msikilizaji anasikia kwamba unasoma.

Pumzi ndiyo iliyonitesa zaidi. Maneno yetu ya Kiswahili ni marefu, kitenzi kimoja kinaweza kuwa na silabi saba, na kila silabi inataka itamkwe wazi. Biti ikikimbia kidogo tu unakuta umefika mstari wa nne huna hewa. Nilikuwa naandika mistari mizuri ambayo mdomo hauwezi kuibeba. Dawa yake ni kuandika ukiwa umesimama, unachana kwa sauti, na kuweka alama pale unapovuta hewa kama unavyoweka mkato. Halafu vina. Vitenzi vyetu vingi vinaishia na "a", kwa hiyo kina cha silabi moja kinapatikana bure na hakimshtui mtu. Ukitaka watu wageuke, oanisha silabi mbili au tatu za mwisho. Kazi hiyo ifanyike kwenye daftari. Usiifanye mbele ya prodyuza, kwa sababu saa yake unailipia.

Prodyuza yule wa kwanza alikuwa na kipaji, sitasema vingine. Lakini alikuwa amekwisha kuamua mwanamke anatakiwa asikike vipi. "Sista, hapo mwisho weka kasauti laini, watu wakupende." Alitaka nusu ya vesi niigeuze kiitikio cha kuimba. Nilikuwa mgeni, sikutaka ugomvi, nikamwomba turekodi kwa namna mbili: moja ya kwake, moja ya kwangu. Ya kwangu ndiyo iliyopendwa mtaani. Kuanzia siku hiyo huwa naomba hivyohivyo kila nikibishaniwa, kwa upole na bila kugombana: "Kaka, tuchukue zote mbili, tutasikiliza kesho." Masikio yaliyochoka usiku wa manane hayaamui vizuri.

Hilo la usiku wa manane lina jambo zito zaidi. Studio nyingi huwa rahisi au huwa wazi usiku, na wewe ni binti peke yako na wanaume watano au sita usiowajua. Siku moja mtu mwenye nafasi kwenye redio, sitamtaja wala sitataja redio, alisikia wimbo wangu na akaniambia ungepigwa kila siku kama ningekwenda kumwona hotelini. Nilikataa. Wimbo haukupigwa kwao hata mara moja. Nililia sana nyumbani, nikijiuliza kama nimeitupa hela ya mama. Baadaye mwanasheria mmoja wa msaada wa kisheria alinieleza kwamba kitu kile kina jina: rushwa ya ngono, na kimeandikwa kwenye kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007. Namba ya bure ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ni 113. Laiti ningejua hivyo siku ile, ningetunza ujumbe wake wa simu badala ya kuufuta kwa hasira. Mdogo wangu, usifute. Piga picha skrini, mtumie mtu unayemwamini, halafu ndiyo ukasirike. Studio nenda mchana, na nenda na mtu. Mimi nilikuwa nakwenda na binamu yangu, akikaa pale kwenye kochi anasuka ukili wake wa mkeka, na heshima ilikuwepo.

Sasa kolabo. Mwaka 2008 msanii aliyekuwa anavuma aliniita nichane kwenye ngoma yake. Nilipewa elfu ishirini ya nauli na soda. Niliandika vesi yangu mwenyewe, nikairekodi, nikaenda zangu. Ule wimbo ulipotoka, kipande kilichokamata watu kilikuwa changu. Kwenye shoo zake alikuwa anauelekezea umati maiki ili wamalizie mistari yangu, na mimi sipo jukwaani. Ukafanywa muito wa simu. Nilipompigia meneja wake kuuliza hesabu zimekaaje, alinijibu, "Dada, wewe tulikupa jina."

Jibu hilo lilinikaa kifuani kwa muda mrefu. Nilianza kuamini kwamba kweli nilipewa, kumbe nilitoa. Ndipo nikaanza kuuliza watu hela ya muziki inatembeaje, na nilichokuta ni hiki. Kwenye muito wa simu, mtandao wa simu unakata kwanza fungu lake, na ni kubwa. Anafuata aliyeuunganisha wimbo na mtandao. Kinachobaki kinakwenda kwa jina lililojazwa kwenye fomu kuwa mwenye wimbo. Fomu haijui nani aliandika vesi ya pili. Hakuna mtu pale wa kusikiliza wimbo na kusema, "Huyu binti naye apewe." Jina likikosekana kwenye karatasi, hupo.

Na kuna haki mbili ambazo sikuwahi kuzitenganisha. Mashairi niliyotunga ni yangu tangu nilipoyaandika, na kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 yanabaki na ulinzi maisha yangu yote na miaka 50 baada ya kufa kwangu, maana yake wanangu watayarithi. Ile sauti iliyorekodiwa, faili lenyewe, ni haki nyingine, na inaweza kuwa ya aliyegharamia kurekodi. Mtu akinunua faili lako hajanunua mashairi yako mpaka uandike na kutia saini kwamba umemuuzia. Laiti mabinti wangejua hili moja tu kabla ya kusaini chochote.

Maana kusaini nilisaini pia. Wakati ule albamu ilikuwa inapelekwa Kariakoo kwa wasambazaji, nao wanakununua kwa namna mbili: wakupe hela ya mkupuo wachukue masta, yaani rekodi yenyewe ya asili, au wakulipe kwa kila kanda na CD. Hiyo ya pili ilisikika nzuri, lakini zinachapwa ngapi utajuaje? Nilichukua mkupuo. Mkataba ulikuwa wa Kiingereza, kurasa nne, na nilipewa kalamu kabla ya kupewa kiti. Hela ile nilimrudishia mama mtaji wake na kulipa kodi ya chumba. Nyimbo zile za albamu ya kwanza sina tena. Serikali ilipoanza kubandika stempu za kodi kwenye kazi za muziki na filamu mwaka 2013, biashara ya CD ilikuwa tayari inakwenda ukingoni, watu wanarushiana nyimbo kwa bluetooth na kadi za simu.

Baada ya hapo nilikaa kimya karibu miaka miwili. Nilikuwa nauza nguo za mtumba, na nilikuwa na ujauzito. Watu wa redio wakanitangaza kwamba nimestaafu. Mwanaume akikaa miaka miwili bila wimbo anasemwa yuko jikoni anaandaa kitu, mwanamke akikaa hivyo anasemwa ameolewa ameacha. Iliniuma. Kwa aliye na mipango ya mtoto, nasema hivi: rekodi mapema, weka akiba ya nyimbo, uziachie kidogokidogo ukiwa nyumbani. Miezi ya mwisho mtoto anasukuma mapafu, vesi ya mistari 16 huwezi kuitoa kwa mkupuo, lakini unaweza kuirekodi mistari miwiliwiwili na prodyuza akaiunga. Nilifanya hivyo kwa wimbo mmoja nikiwa na miezi minane, nimekaa kwenye stuli, na hakuna aliyewahi kugundua.

Niliporudi nilirudi na karatasi. Ni nusu ukurasa wa daftari, kwa Kiswahili, na natembea nazo kadhaa kwenye pochi. Inasema hivi: "Leo tarehe fulani, katika wimbo uitwao hivi, mimi nimetunga na kuchana vesi ya pili. Mashairi ya vesi hiyo ni yangu. Biti ni ya fulani. Mapato ya wimbo kwenye mitandao, miito ya simu na matangazo yatagawanywa: mwenye wimbo asilimia kadhaa, prodyuza kadhaa, mimi kadhaa. Jina langu litaandikwa kila wimbo utakapowekwa. Nikiitwa kwenye shoo kuchana vesi hii nitalipwa kwa makubaliano ya siku hiyo." Chini majina kamili kama yalivyo kwenye kitambulisho, saini, na shahidi mmoja. Tunapiga picha, kila mmoja anabaki nayo kwenye simu. Haichukui hata dakika kumi, na inafanyika kabla sijavaa hedifoni. Ukishachana, nguvu yako ya kujadiliana imebaki ndani ya kompyuta ya mwenzako.

Wa kwanza niliyempelekea karatasi hiyo alikasirika. Alisema sisi ni familia, karatasi za nini. Nikamwambia, "Kaka, familia ndiyo inayogombana mirathi." Hakusaini, na mimi sikuchana. Nilirudi Temeke usiku huo nimevunjika moyo, nikiona nimejifungia milango. Wengine waliofuata wakasaini, na wawili kati yao sasa wanaitumia wao wenyewe na wasanii wao. Kuhusu asilimia, sina kanuni ya kuwapa. Kwa vesi moja mimi huanza kwa 25 na nimewahi kukubali 15 kwa mtu ambaye wimbo wake ulikuwa na uhakika wa kusikika mbali. Kilicho cha lazima kwangu ni jina liwemo.

Kinachofuata ni kuandikisha. BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, ni kwa ajili ya kutambulika kama msanii na kupata vibali vya kufanya kazi, na COSOTA, ambayo sasa ni Ofisi ya Hakimiliki Tanzania, ndiyo ya kusajili nyimbo zenyewe. Watu wanachanganya hizi mbili, wanasajiliwa kwenye moja wanadhani wamemaliza. Beba orodha ya nyimbo, majina ya watunzi wote na karatasi zenu za mgawanyo. Mwaka 2022 ilipogawiwa mirabaha, yaani malipo ya wenye nyimbo, kwa nyimbo zilizochezwa redioni, mimi nilipata kidogo sana, hata kodi ya mwezi haikutimia. Lakini ilitoka kwenye nyimbo zilizokuwa na jina langu tu. Ule wa kolabo ya 2008, uliopigwa kuliko zote, haukuniletea kitu.

Kwenye mitandao mambo ni wazi zaidi, ingawa yana mitego yake. Mpaka Spotify ilipofunguliwa kwetu mwaka 2021 tulikuwa tumeshazoea Boomplay, Audiomack na YouTube. Kampuni inayokusambazia wimbo itaupa namba yake ya utambulisho, ISRC, ambayo ndiyo inayofuatilia mapato ya ile rekodi kila inakochezwa. Itunze. Ukihama kampuni, hama na namba ileile ili wimbo usianze upya kama mtoto mchanga. Akaunti ifunguliwe kwa barua pepe yako. Nimeona mabinti wanaomba meneja afungue, siku wanaachana naye chaneli inaondoka na wafuasi wote. YouTube ili uanze kulipwa kwa matangazo inataka wafuatiliaji 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya mwaka, kisha hela haitoki mpaka ifike dola 100. Na jaza ile fomu ya kodi ya Marekani wanayokuletea. Usipoijaza wanaweza kukukata hadi asilimia 24 ya mapato yako yote ya dunia nzima. Ukiijaza, wanakata kwenye watazamaji wa Marekani peke yao. Mimi nilidhani ni barua ya matapeli nikaiacha miezi.

Gharama, kwa ukweli wake: wimbo wangu wa mwisho ulinila shilingi laki tatu na nusu kwa biti, kurekodi na kuuchanganya, elfu hamsini picha ya jalada. Video ndiyo inayoua. Kuna moja niliifanya kwa mkopo wa vikoba, milioni tatu na ushee, gari la kukodi, nguo za kukodi, mtaa wa Masaki ambao si wangu. Nililipa deni lile mwaka mzima. Video niliyopigwa kwa simu uani kwetu, shangazi anapepeta mchele nyuma yangu, imetazamwa zaidi. Sisemi msifanye video kubwa. Nasema hela ya kwanza iende kwenye sauti, na ya pili kwenye usajili.

Nimejaribu kuzirudisha zile nyimbo za albamu. Prodyuza hakukataa, tena alinipokea vizuri, lakini kompyuta yake ya enzi hizo ilikufa na hadi diski ikauzwa kama skrepa. Kilichobaki duniani ni nakala zilizobanwa zinazozunguka kwenye mitandao, sauti na biti vimeshikana, huwezi kutenganisha. Kwa kuwa mkataba ule, nilipousomesha kwa mwanasheria, ulichukua rekodi na haukugusa mashairi, ninazirekodi upya. Biti mpya, mistari ileile, sauti ya mwanamke wa miaka thelathini na kitu badala ya yule binti. Tatu zimeshakamilika.

Kila moja, siku namalizia malipo, naondoka na faili zima la mradi: kila ala peke yake, kila sauti peke yake, na toleo lisilo na sauti kwa ajili ya shoo. Namkumbusha prodyuza kabla ya siku hiyo, nakwenda na diski yangu, nafungua pale pale kuhakikisha linacheza. Nakala moja inakaa kwangu, ya pili kwa binamu, na ya tatu naipandisha kwenye hifadhi ya mtandaoni usiku, bando likiwa bei nafuu.